Mzee wa Masjala Anajibu: Mtu wa nyumba namba 22

Safu hii huwa ya vyeti vilivyopotea na viwanja vya marehemu. Toleo lililopita niliteleza kidogo, nikadokeza kwamba karatasi za ukoo za Uingereza zimetumika kumsaka Jack the Ripper, muuaji wa London ya Malkia Victoria. Bahasha zikafurika. Mwezi huu najibu hizo tu, na wa viwanja wanisamehe.

SWALI: Shikamoo Mzee wa Masjala. Mimi ni muuguzi hapa Morogoro. Zamu ya usiku, wodi ikitulia, huwa natazama video za kesi za zamani, na sasa nimekwama kwenye hiyo ya 1888. Kuna watu wanasema muuaji amepatikana kwa kupekua sensa na vyeti: eti ni yule yule aliyeikuta maiti ya Mary Ann Nichols. Alijitambulisha kwa jina la Charles Cross, kumbe ni Charles Lechmere. Kaka yangu anasema mtu akidanganya jina baada ya kuapa, kesi imekwisha. Mimi nasita. Wewe uliyeshika mafaili maisha yako yote unasemaje?
*Muuguzi wa zamu, Morogoro*

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole na zamu. Mwambie kaka yako kwa hukumu hiyo hata mimi ningenyongwa.

Cheti changu cha darasa la saba kina jina la mjomba. Baba alikuwa mkata mkonge, leo shamba hili kesho lile, nami nikalelewa Pangani kwa kaka yake mama. Siku ya kuandikishwa shule mwalimu aliuliza, "Huyu wa nani?" Mjomba akajibu, "Wangu." Kalamu ikaandika. Nilipoajiriwa masjala ya ardhi nilipeleka cheti hicho hicho, basi kazini miaka 29 nikaitwa kwa jina la mjomba, huku msikitini, kwenye cheti cha ndoa na kwa wanangu wote natumia la baba. Hakuna aliyenishuku mpaka nilipostaafu. Mfuko mmoja wa pensheni, siutaji, ulinizungusha miezi minane na hati ya kiapo juu, eti nithibitishe kwamba mimi ni mimi. Lishike hilo, tutalirudia.

Usiku wenyewe ulikuwa hivi. Ijumaa tarehe 31 Agosti 1888, yapata saa 9:40 usiku, mwanamke alikutwa amelala chali mbele ya geti la banda la farasi, mtaa wa Buck's Row, Whitechapel, mashariki ya London. Koo limekatwa. Aliyemkuta alikuwa mwendesha gari la farasi la mizigo, yuko njiani kwenda kazini kampuni ya Pickfords, stesheni ya Broad Street, ambako saa kumi alfajiri alitakiwa awe ameshafika. Nyuma yake akatokea mwingine wa kazi hiyo hiyo, Robert Paul. Wakamgusa yule mama mikono, ya baridi. Wakamshushia nguo kumsitiri, kisha wakaenda zao wakitafuta askari, wakampata konstebo Jonas Mizen na kumpa habari. Jumatatu tarehe 3 Septemba yule wa kwanza akasimama kwenye uchunguzi wa kifo, akaapa kwa jina la Charles Cross, akasema yuko Pickfords kwa zaidi ya miaka 20.

Jina hilo lilikaa vitabuni zaidi ya miaka mia. Aliyemtafuta Charles Cross kwenye sensa za ukubwa wake alirudi mikono mitupu. Sasa sikia alivyonaswa, maana hapa ndipo penye utamu wa kazi yetu.

Gazeti la The Star lilichapa anwani yake: 22 Doveton Street, karibu na Cambridge Heath Road. Uingereza huhesabu watu kila miaka 10, kwa hiyo mwaka 1888 umeangukia katikati ya sensa ya 1881 na ya 1891. Ukifungua ya 1891 na kuuliza jina la Cross, hupati kitu. Ukiuliza nyumba, mlango unafunguka: namba 22 anakaa mwendesha gari la mizigo, mkewe Elizabeth, watoto tele, na jina ni Charles Lechmere. Kisha unarudi nyuma mpaka sensa ya 1861. Hapo yupo mvulana wa miaka 11 aitwaye Charles Cross, anaishi na mama yake Maria na baba wa kambo, Thomas Cross, askari polisi.

Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilicheka peke yangu sebuleni. Masjala ya ardhi haitafuti faili kwa jina la mwenye mali. Watu huolewa, hufa, husilimu, hubatizwa, hugombana na baba zao. Sisi tunauliza kitalu na namba ya kiwanja, kwa sababu kiwanja hakisilimu. Kijana mgeni akija kwangu na kuuliza "faili la Mzee Fulani", nilikuwa namrudisha dirishani alete namba kwanza.

Basi karatasi zake ukizipanga mezani zinasoma hivi. Amezaliwa 1849 Soho, baba yake John Allen Lechmere, fundi viatu. Baba akaondoka. Mwaka 1858 mama akaolewa na yule polisi, ingawa mume wa kwanza alikuwa hai na hakufa mpaka 1879. Kwa sheria yao hilo ni kosa la jinai, lakini mwanamke aliyetelekezwa na watoto wadogo London ya wakati ule, simhukumu. Mwaka 1870 Charles akamuoa Elizabeth Bostock kwa jina la Lechmere. Watoto wote Lechmere. Daftari la wapiga kura, Lechmere. Alikufa Desemba 1920 akiwa Lechmere, akamwachia mjane pauni 200 na ushee, ambazo kwa mtu wa kazi ya sulubu si haba.

Hapo ndipo washtaki wake wanapokaza kamba: mtu huyu mbele ya serikali ni Lechmere siku zote, isipokuwa siku moja, siku aliyokutwa amesimama karibu na maiti. Likisemwa hivyo kwenye video, na muziki wa kutisha chini yake, hata mimi vinyweleo vilinisimama.

Kisha nikachukua penseli. Alisema mwaka 1888 kwamba yuko Pickfords zaidi ya miaka 20. Toa 20, unapata 1868. Thomas Cross, yule baba wa kambo, alifariki 1869. Kwa hiyo Charles aliajiriwa akiwa kijana wa miaka 18 hivi au chini ya hapo, na mwenye nyumba aliyokulia, aliyevaa sare ya polisi, alikuwa bado hai. Sasa karani wa Pickfords alipouliza "Huyu wa nani?" unadhani aliandika nini? Na kuna habari ya gazeti ya 1876: gari la Pickfords lilimgonga mtoto huko Islington, mtoto akafariki, na mwendeshaji akatajwa kuwa ni Charles Cross. Hiyo ni miaka 12 kabla ya Buck's Row. Kazini Cross, nyumbani Lechmere. Alipoitwa kueleza jambo lililomkuta akienda kazini, alitoa jina la kazini. Mimi ningeitwa mahakamani kwa jambo la ofisini ningetoa la mjomba, na wala nisingejua kama nimeficha kitu.

Tena aliyetaka kujificha angetaja na nyumba anamolala mkewe na watoto? Huyu alitaja nyumba, akamtaja na mwajiri.

Ila nisimtetee mpaka nikapitiliza. Angeweza kusema majina yote mawili, na hakusema. Majalada ya polisi yaliyohifadhiwa kwenye nyaraka za taifa huko Kew, London, yanamwita Cross tu. Inspekta Abberline aliandika hivyo hivyo kwenye ripoti yake ya tarehe 19 Septemba. Kuna pia lile la konstebo Mizen, aliyeapa kwamba aliambiwa kuna askari mwenzake anamhitaji Buck's Row, na Cross akakana kusema hivyo. Mmoja wao hakusema kweli, au alisikia vibaya. Saa kumi kasoro usiku watu husikia vibaya. Na kweli alikuwa peke yake na maiti kabla Paul hajafika, dakika ngapi hakuna aliyepima. Hayo yote yapo mezani, lakini angalia: hakuna hata moja lililotoka kwenye cheti. Karatasi za ukoo zimetupa jina lake la pili, mama yake, watoto wake na mlango wake. Kisu hazikutupa.

Nilifika huko majira ya baridi, nilipomtembelea binti yangu anayeishi Leyton. Buck's Row siku hizi inaitwa Durward Street, walibadili jina 1892, na iko nyuma ya stesheni ya Whitechapel. Lile jengo refu la shule ya zamani bado limesimama, wamelifanya nyumba za kupanga. Nilitoka upande wa Cambridge Heath Road kwa mguu, nikahesabu dakika kumi kasoro, na mimi ni mtu wa gauti. Binti yangu alikuwa anatetemeka kwa baridi, ananiuliza, "Baba, tumekuja kutazama ukuta?"

SWALI: Mzee, salaam aleikum. Toleo lililopita ulisema karatasi za ukoo hazimfungi mtu. Sasa kama hazimfungi, hao wanaokesha wakizisoma wanapata faida gani?
*Msomaji wa Majengo, Mombasa*

JIBU: Waaleikum salaam bibie. Hazimfungi, lakini humfungua. Tena huwafungua wengi.

Mwaka 1894 ofisa mmoja mkubwa wa Scotland Yard, makao makuu ya polisi wa London, Melville Macnaghten, aliandika waraka na kutaja watu watatu ambao kwake walifaa kushukiwa kuliko wengine: Druitt, Kosminski na Ostrog. Waraka huo ukawa kama msahafu. Lakini Macnaghten mwenyewe aliajiriwa Scotland Yard mwaka 1889, mauaji matano yanayohesabiwa kuwa ya muuaji huyo yameshapita. Aliandika aliyosimuliwa. Mtu wa masjala akiona waraka wa namna hiyo, jambo la kwanza ni kuangalia tarehe ya kuajiriwa ya aliyeuandika.

Watafiti wakaenda kuzichimba karatasi za kila mmoja. Michael Ostrog, tapeli mzoefu wa majina ya bandia, alikutwa kwenye kumbukumbu za Ufaransa: wakati wanawake wanauawa Whitechapel, yeye alikuwa kizuizini huko kwa wizi. Karatasi moja ya jela, na miaka mia ya tuhuma ikaanguka chini.

Montague Druitt waraka unasema alisemekana kuwa daktari, na nakala nyingine ikamtaja kuwa na miaka kama 41. Karatasi zake zinasema amezaliwa Wimborne, Dorset, Agosti 1857, kwa hiyo alikuwa na miaka 31. Tena alikuwa wakili na mwalimu wa shule ya Blackheath. Aliokotwa mtoni Thames tarehe 31 Desemba 1888, na nadhani kosa lake kubwa ni kufa wakati watu wanatafuta mtu wa kumsingizia. Karatasi ninayoipenda kuliko zote kwake si cheti, ni matokeo ya kriketi. Annie Chapman aliuawa Hanbury Street alfajiri ya tarehe 8 Septemba. Siku hiyo hiyo, saa tano na nusu asubuhi, Druitt alikuwa uwanjani Blackheath na timu yake. Inawezekana mtu akaue, akapanda treni, akaoga, akavaa nyeupe na kupiga mpira? Inawezekana. Wewe ungeamini?

Kosminski ni mgumu zaidi. Waraka ulitoa jina la ukoo tu, ukasema alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili yapata Machi 1889. Miaka ya 1980 mtafiti mmoja alipitia madaftari ya hospitali hizo akitafuta Kosminski anayefanana, akampata Aaron Kosminski, kinyozi, mhamiaji Myahudi kutoka Poland, lakini aliingizwa Colney Hatch Februari 1891. Miaka miwili nzima pembeni ya waraka. Ofisa mwingine aliandika kwamba Kosminski alikufa muda mfupi baada ya kufungiwa, kumbe rejista inaonyesha aliishi hospitalini hadi 1919. Na ndugu zake? Walitumia pia jina la Abrahams, kwa sababu lile lingine lilikuwa gumu kuandika. Hakuna anayewaita wauaji kwa hilo.

SWALI: Mzee, mbona unazunguka? Si DNA ya shali ilishamaliza mambo?
*Fundi simu, Kariakoo*

JIBU: Fundi, wewe mtu akikuletea simu bila risiti unaifungua? Shali hiyo, ambayo DNA yake inadaiwa kumtaja Kosminski, inasemekana ilichukuliwa na askari karibu na mwili wa Catherine Eddowes, aliyeuawa Mitre Square tarehe 30 Septemba 1888. Polisi waliandika orodha ya nguo na vitu vyake vyote, mpaka vipande vya sabuni, na shali hiyo haimo. Haina hati ya makabidhiano. Imepita mikono mingi kwa zaidi ya miaka mia.

Halafu aina ya DNA waliyoitumia ni ile inayorithiwa kwa upande wa mama. Hiyo inaweza kusema "si huyu". Kusema "ni huyu" haiwezi, kwa maana maelfu ya watu wasiojuana huwa nayo sawasawa. Tangazo la kwanza la 2014 liligomewa kwa sababu wataalamu walisema alama iliyoitwa adimu iliandikwa namba isiyo yake, na ikisomwa sawasawa ni ya kawaida kabisa kwa watu wa Ulaya. Kosa la karani, fundi wangu. Hata maabara wana makarani.

SWALI: Shikamoo. Naishi Leicester, nimeolewa na Mwingereza. Mama mkwe anasema babu wa babu wa mume wangu aliishi Whitechapel miaka hiyo ya mauaji na "polisi walimhoji". Naogopa kuchimba, na natamani kuchimba. Nianzie wapi?
*Mke wa watu*

JIBU: Marahaba mke wa watu. Polisi walihoji mitaa mizima, nyumba kwa nyumba, kwa hiyo lala usingizi.

Anza na mkweo kabla hujaanza na kompyuta. Muulize majina ya utani, nani alilelewa na nani, nani hakuzungumza na nani. Kisha vyeti. Uingereza na Wales walianza kusajili vizazi, ndoa na vifo tarehe 1 Julai 1837, na faharasa yake unaisoma bure kwenye tovuti ya FreeBMD. Ukipata mstari unaofanana, usishangilie. Lipia cheti chenyewe, maana John Smith wa Whitechapel wako wengi kama Juma wa Tanga. Cheti cha ndoa ndicho bora, kina jina na kazi ya baba wa kila upande. Lakini kumbuka baba anayetajwa ni yule bwana harusi aliyetaka atajwe.

Sensa zenye majina zinaanza 1841 na za karibuni kufunguliwa ni za 1921. Ya 1931 iliungua moto na 1941 hawakuhesabu kwa sababu ya vita. Ya 1911 nakusihi usiikose. Hiyo mwenye nyumba aliijaza kwa mkono wake mwenyewe na karatasi zimehifadhiwa, kwa hiyo unauona mwandiko wa babu. Inauliza pia mke amezaa watoto wangapi, wangapi hai, wangapi wamekufa. Nimeona za watu nisiowajua, nikaweka miwani chini.

Kwa miaka iliyo katikati ya sensa, tumia madaftari ya kuandikisha watoto shule. Hayo watu huyasahau. Mtoto akihama shule huandikwa anwani mpya na tarehe, na ndivyo ilivyojulikana kwamba akina Lechmere walihamia Doveton Street katikati ya 1888, wiki chache kabla ya Nichols kuuawa. Washtaki wake hulipenda sana hilo. Mimi naona baba wa watoto wengi aliyepata nyumba. Maktaba ya historia ya Tower Hamlets iko Bancroft Road, dakika chache tu kutoka mitaa hiyo hiyo, na mezani hapo huwa kuna penseli tu. Kalamu ya wino usiitoe mkobani.

Na ukikuta jambo la aibu, mweleze mume kabla hujamweleza wifi.

SWALI: Mzee wangu, kila mtu anamtafuta muuaji. Hao wanawake karatasi zao ziko wapi?
*Mwalimu mstaafu, Bukoba*

JIBU: Shikamoo mwalimu, maana kwa umri nadhani umenizidi.

Nichols alijulikana kwa gagulo. Alipofikishwa mochwari hakuwa na karatasi hata moja, ila kitana, leso na kipande cha kioo. Inspekta alipokagua nguo zake akaona magagulo yamepigwa muhuri wa "Lambeth Workhouse", yaani nyumba ya maskini ya Lambeth, ng'ambo ya mto. Nyumba hizo zilikuwa zinapiga chapa nguo ili watu wasitoroke nazo. Wakaletwa watu wa Lambeth, na jioni ile ile mwanamke aliyewahi kukaa naye huko, Mary Ann Monk, akamtambua. Kesho yake akaja mumewe William, mpiga chapa, waliyekuwa wameachana miaka mingi.

Ukitoka hapo karatasi zinafunguka zenyewe. Mary Ann Walker, binti wa mhunzi, amezaliwa 26 Agosti 1845. Ameolewa Januari 1864 kanisa la St Bride's. Watoto watano. Halafu madaftari ya nyumba za maskini, anaingia, anatoka, anaingia. Mwezi Mei 1888 alipata kazi ya ndani Wandsworth, akamwandikia baba yake barua ya furaha kumuarifu, na barua hiyo ilisomwa kwenye uchunguzi wa kifo. Usiku wa mwisho alifukuzwa nyumba ya kulala ya Thrawl Street kwa sababu hakuwa na peni nne za kitanda.

Kibati cha jeneza lake kiliandikwa miaka 42. Kwa tarehe ya kuzaliwa, alikuwa ametimiza 43 siku tano kabla. Hayo ndiyo makosa yanayonikosesha usingizi, zaidi ya Cross na Lechmere.

Yupo mmoja aliyetushinda wote. Mary Jane Kelly, aliyeuawa tarehe 9 Novemba chumbani kwake Miller's Court, alimwambia mtu aliyekuwa akiishi naye, Joseph Barnett, kwamba alizaliwa Limerick, Ireland, kwamba baba yake aliitwa John Kelly, kwamba walihamia Wales na akaolewa na mchimba makaa ya mawe aliyekufa kwa mlipuko mgodini. Watu wamepekua Ireland, wamepekua Wales, wamepekua orodha za waliokufa migodini, na mpaka leo hakuna cheti cha kuzaliwa wala cha ndoa ambacho mtu anaweza kukiweka mezani akasema ndicho chake. Huenda Kelly halikuwa jina lake. Na hapo, mwalimu, hatuna hata namba ya mlango wa utotoni kwake tukauulizie.

Yule dada wa Kigamboni aliyeandika kuhusu nyumba ya marehemu baba yake: barua yako nimeisoma mara mbili. Usisaini chochote anachokuletea shemeji yako. Nitafutie risiti za kodi ya ardhi, hata moja iliyochakaa, na unitumie namba ya kitalu na kiwanja. Jina la mzee niachie, tutalikuta humo.